Admini ni mmoja, na dada aliyeuliza hesabu katolewa

*Shikamoo Shangazi. Nipo Makorora, Tanga. Tuna kikundi cha WhatsApp cha kuzikana, watu 187, ukitokea msiba kila mmoja anatoa shilingi 3,000. Pesa zinaingia kwenye laini ya admini, ambaye yuko peke yake na ndiye aliyekianzisha. Hapati hata senti, na anahangaika kweli. Juzi dada mmoja aliuliza hesabu ya msiba uliopita. Ujumbe ukafutwa, naye akatolewa. Tukanyamaza. Watu wa kujitolea mtandaoni wanaweza kujitawala wenyewe, au mpaka mwenyekiti wa mtaa aingilie? – Niliyenyamaza*

Marahaba mwanangu. Hilo “tukanyamaza” ndilo lililonishika kuliko yote.

Kabla ya simu hizi nilikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana cha akina mama hapa Ngamiani. Sanduku letu la bati lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwangu, wa pili kwa mwenzangu ambaye, nikwambie tu, tulikuwa hatupatani. Ndiyo sababu alichaguliwa. Kila mkutano daftari lilisomwa mstari kwa mstari: sanda, ubani, sukari, mkaa. Kufuta ilikuwa mwiko, ukikosea unakata kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kisomeke. Siku moja nilikata 700 nikaandika 900, na kwenye kusoma ulimi ukajikwaa kidogo. Bibi mmoja mwisho wa mkeka, asiyejua hata herufi, akauliza, “Mbona hapo umesita?” Sukari ilikuwa imepanda, basi. Hesabu ilikuwa sawa, lakini jasho lilinitoka.

Mtandaoni nimeukuta mkeka ule ule. Mpwa wangu alinifundisha kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea, nikaongeza aya kuhusu mapango ya Amboni. Kesho yake haipo. Nilifura! Mpwa akanifungulia historia ya ukurasa: aliyeiondoa huyu hapa, saa hii, sababu ni kwamba sikutaja chanzo. Na aya yangu ipo palepale kwenye toleo la zamani, kama ile 700 yangu. Nikaenda ukurasa wa majadiliano, tukabishana kistaarabu, nikaleta chanzo. Admini wa kule huitwa wakabidhi, nao ni watu wa kujitolea kama huyo wenu. Tofauti ni kwamba mkono wao unaonekana, na mwenzao anaweza kutengua walichofanya.

Usidhani hilo linatosha, na wala kura za kuwachagua wakabidhi hazitoshi. Wikipedia ya Kikroatia ilikuwa na historia za kurasa na kura vilevile, lakini kikundi kidogo cha wakabidhi kiliishika kwa karibu miaka kumi, kikapindisha makala za historia ya nchi yao na kuwafungia waliopinga. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, ilieleza hata akaunti bandia zilizotumika kukilinda. Daftari lilikuwa wazi, ila waliokuwa wakiuliza “mbona umesita?” walikuwa wametolewa au wamechoka wakaondoka zao.

Sasa kikundi chenu. WhatsApp inaonyesha kwamba admini kafuta ujumbe, lakini maneno yenyewe hayarudi. Mwanzilishi naye hawezi kuondolewa na admini wengine, hata muwateue kumi. Kwa hiyo usihangaike na mapinduzi. Na mwenyekiti wa mtaa mwache kwanza, mkimwita mwanzo tu mtakuwa mmemshtaki mtu kabla hamjamuuliza.

Mwendeeni nyumbani, watu watatu, mmoja awe mzee anayemheshimu. Anzeni na shukrani, tena ya kweli: anayepokea simu za misiba saa nane usiku miaka yote bila msaidizi huishia kukiona kitu ni chake, na hapo nanyi mna sehemu yenu, maana mlimwachia. Kisha ombeni mambo mawili. Pesa zihame kutoka laini yake, ziende akaunti ya benki yenye saini za watu wawili (wasiopatana, mkiweza kuwapata). Na kila msiba ukiisha, hesabu ibandikwe kikundini kwa picha ya karatasi yenyewe, na risiti zake.

Akikataa, ondokeni mkaanze kingine. Msione haya, sisi watu wa Tanga tumeona vyama vingapi vya taarab vikigawanyika, na kila upande ukaendelea kupiga? Februari 2002 baadhi ya waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walihofia kwamba matangazo ya biashara yangeingizwa. Wakachukua makala, kwa kuwa leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzinakili, wakaenda kufungua kamusi elezo yao Seville, Hispania. Mpaka leo Wikipedia haijaweka matangazo ya biashara. Nyinyi cha kuchukua ni orodha ya majina na namba, basi iandikeni kwenye karatasi kabla ya kwenda kugonga mlango wa mtu.

Na yule dada mpigie leo, kabla ya yote hayo. Mwambie uliuona ujumbe wake ukanyamaza. Atakusema. Msikilize mpaka amalize, halafu muulize kama atakubali kuwa mmoja wa hao watatu.