Barua kwa mwanangu: Umaskini wetu nimeshauandika mimi

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Kisauni hatujambo. Goti la nyanya yako limetulia kidogo na kibanda kinakwenda. Ujumbe wako wa Ijumaa niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikikaanga, mara ya pili nimekaa. Wauliza kama kwenye ile insha ya maneno 650 ya kuombea vyuo vya Marekani uandike kifo cha baba yako na dhiki tulizopitia, alivyokushauri huyo kijana anayelipwa kutayarisha watu huko Nairobi. Kakwambia wasomaji wa kule wapenda machozi, na binti wa muuza mahamri aliyefiwa na babake hana haja ya kutafuta la kuandika.

Ningekupigia simu, lakini nilikuwa na hasira, na hasira si yako. Kwa hiyo naandika.

Umaskini wetu nimeshauandika mimi. Mwezi jana nilikaa na mwalimu wako wa baiolojia jioni nne nzima kujaza ile fomu ya fedha, CSS, ambayo vyuo hupimia nani asaidiwe kwa kiasi gani, wewe ukiwa kwenye simu ukituchagulia vifungo vya kubonyeza. Sikukwambia ilivyonichosha. Fomu ile haina haya. Yauliza mwaka jana uliingiza ngapi, mwaka huu ngapi, mwakani watarajia ngapi. Nyumba ni yako au ya kupanga, gari unalo, deni unalo, benki kuna nini. Yataka barua ya mwajiri, na mwajiri wangu ni mimi. Nikaandika barua ya kujieleza mwenyewe, nikapanga foleni kwa chifu akaipigia muhuri, naye akaniuliza kama naomba mkopo wa trekta. Shangazi yako alinishauri nivifiche vile vyumba viwili vya Likoni alivyotuachia baba yako. Nimeviandika, na kodi yake nimeiandika, hata ile miezi ambayo mpangaji hakulipa. Kila kitu kimo mle, kwa shilingi. Anayetaka kujua tuna nini na hatuna nini atasoma huko.

Kwa hiyo ukiijaza insha nzima dhiki yetu, utakuwa umebisha mlango uleule mara mbili. Na haitakusaidia kama huyo kijana anavyodhani. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba chuo cha Amherst, wanapoamua nani aingie, hawaangalii mfuko wa mwombaji, awe Mmarekani au mgeni. Vyuo vingi vingine vidogo huuangalia kwa wageni, kwa sababu msaada wa wageni una kiasi chake kwenye bajeti na lazima waukate mafungu. Hesabu hiyo hufanywa kwa ile fomu. Chozi halipunguzi wala haliongezi dola.

Insha wanaitakia jambo jingine, na hili nimelielewa polepole, kwa kusikiliza tu ukitusomea zile kurasa zao. Amherst nzima ina wanafunzi elfu moja na mia tisa hivi. Kuna shule za sekondari hapa kwetu zina watu zaidi ya hao. Ukasema chuo cha Williams wana masomo ambayo mwalimu hukaa na wanafunzi wawili tu: wiki hii mmoja aandika, mwenzake amkosoa, wiki ijayo wabadilishane. Chuo cha Grinnell somo la lazima ni moja tu, lile la mwaka wa kwanza. Mengine wapanga na mwalimu anayekulea. Sasa mtu anayechagua wa kuketi kwenye kiti kama hicho, mbele ya mwalimu, hakuna pa kujificha, atataka kujua nini? Mimi ningetaka kujua huyu mtoto akiachwa peke yake na jambo hufanya nini. Akiona kitu kisichoeleweka, hupita au husimama?

(Hapa mtaani, kwa taarifa yako, habari zimeenea kwamba hukupata alama. Watu wamesikia "kolej" wakadhani umekosa yunivasiti. Mama wa nyumba ya mbele kaja kunipa pole. Nimemwambia Wangari Maathai aliondoka hapa mwaka 1960 akaenda kolej ya watawa huko Atchison, Kansas, Mount St. Scholastica, akatoka 1964 na shahada ya baiolojia, na Tuzo ya Nobel ilimkuta baadaye. Kofi Annan naye alitoka kolej ya Macalester, 1961. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama Kansas ni mbali na London.)

Narudi kwenye fomu, maana huko ndiko nilikopata jibu lako.

Ili niandike mapato ya mwaka ilibidi nizitoe kaunta buku zote kwenye sanduku. Zile nyeusi, za miaka sita. Wajua mimi naandika katikati: unga bale ngapi, mafuta, nazi, mauzo, nani kachukua kwa deni. Pembeni sikuwa nikiangalia kamwe. Safari hii nilipokuwa nikijumlisha kwa kidole nikaona kumbe pembeni kuna mwandiko wako, wa penseli, mdogo kama chungu. Wa tangu ulipokuwa darasa la saba.

"Kaskazi. Nusu kijiko hamira. Kukanda saa 3. Umeumuka saa 8, umezidi."

"Kusi. Nusu kijiko. Saa 3. Mpaka adhana bado."

"Mama amefunika kwa blanketi. Umewahi. Basi ni joto."

Kurasa na kurasa. Miye nilikuwa nikijua tu kwamba msimu wa kaskazi unga huchacha ukilala mno na hamira yataka kupunguzwa. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu, na sikumwuliza kwa nini. Wewe ulikuwa ukiamka usiku kuchungulia beseni! Halafu kuna mahali umeandika, "Leo tui zito sana, umechelewa, na joto lipo. Ni tui au ni sukari?" Ukaipigia mstari mara mbili. Siku iliyofuata umeandika kwamba umenidanganya: ulinitilia tui jepesi makusudi uone. Nikakumbuka wateja siku hiyo walilalamika mahamri hayana utamu, nami nikamlaumu muuza nazi.

Nimecheka peke yangu usiku. Kisha nimefika mwaka ule wa kidato cha tatu. Katikati mwandiko wangu upo, kwa sababu watu hula hata kukiwa na msiba na mimi nilirudi kibandani baada ya arobaini. Pembeni hakuna kitu. Nimefungua kurasa kwa kurasa, miezi mitano, nyeupe. Halafu siku moja ya Agosti, penseli: "Kusi. Robo tatu kijiko. Saa 3." Basi, hivyo tu, bila kusema umeumuka saa ngapi. Nadhani ulilala.

Sikukatazi kumwandika baba yako. Ni babako, huna haja ya ruhusa yangu. Ila ukimwandika, mwandike pale alipo, kwenye zile pembe nyeupe. Usimtoe kaburini ukamsimamishe mlangoni pa watu atuombee. Yeye alikuwa mtu wa haya sana, hata kudai ujira wake bandarini alikuwa akinituma mimi.

Na lile la alama zako kuanguka muhula wa pili mwaka huo, usilipoteze kwenye insha. Mwalimu kanionyesha kwamba kwenye fomu ya maombi kuna mahali pengine pa kueleza mambo yaliyokupata. Weka hapo mistari minne: baba alifariki kwa sukari mwezi fulani, alama zilishuka muhula fulani, zilipanda muhula fulani, mtihani wa mwisho nikapata A-. Pasipo kupamba. Mwalimu naye atalitaja kwenye barua yake, nimemwomba.

Kuhusu kuomba chuo kimoja mapema kwa ahadi kwamba ukikubaliwa lazima uende: mimi ningengoja maombi ya kawaida ya Januari. Najua wanasema msaada ukiwa hautoshi wanakuachilia. Lakini sijawahi kununua unga kwa duka moja bila kupita la pili.

Huyo kijana mlipe ulichokwisha kuahidi, usimpe zaidi. Na usimwache aguse sentensi zako, maana zile zake ulizonitumia zina harufu ya hotuba ya mahafali.

Kaunta buku tatu nimempa mjomba wako. Anapanda basi la Jumatano usiku. Nakili unachotaka kisha unirudishie upesi, na ile ya katikati usiinyofoe ukurasa wowote. Madeni ya mama wa nyumba ya mbele yote yamo humo.

Mamako