Gari Likigoma Kuwaka, Lisikilize Kwanza

Nilikuwa nimelala kwa shangazi yangu Mikindani, asubuhi na mapema nikaingia garini kuanza safari ya Lindi. Nikazungusha ufunguo: tik-tik-tik-tik. Nikarudia. Nikarudia tena na tena huku taa na feni vikiwaka, mpaka hata ile tik-tik ikakata. Nikasema basi, betri imekufa, nikaanza kuwaza hela.

Fundi mmoja mzee, jirani wa shangazi, akafungua boneti akanionyesha terminali ya chanya, yaani kichwa cha betri kinapofungwa waya. Ilikuwa imeota unga mweupe wenye ukijani, umeganda kama chumvi kwenye mwamba maji yakipwa. "Mwanangu, betri nzima hii. Umeme ndio haupiti, na ule kidogo uliopita umeumaliza wewe mwenyewe."

Akafungua waya wa hasi, kisha wa chanya. Akamwagia maji ya moto, akasugua kwa msasa mpaka madini ya risasi ya terminali yakang'aa, akakausha, akarudisha chanya kwanza, akakaza na kupaka grisi. Tukashtua kwa gari la jirani: waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi kwenye hasi ya betri ya jirani, ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yangu, mbali na betri. Likawaka mara moja.

Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Fungua boneti kila mwezi, tafadhali.

Tangu siku hiyo nasikiliza kabla ya kugusa. Tik-tik ya harakaharaka ni umeme mdogo: terminali au betri. "Tak" moja nzito huku taa zimekaza, mshuku stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Kimya kabisa na taa zipo, kama gari ni otomatiki angalia kwanza gia: iko P (ya kuegesha) kweli? Jaribu N (gia huru). Nimeona watu wakimwita fundi kwa hilo tu.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini gari haliwaki, betri iache, haina kosa. Hapo ni mafuta au cheche. Kwa gari la petroli, washa switchi bila kupiga stata, utegee sikio upande wa tangi: magari mengi pampu huvuma sekunde mbili hivi. Kukiwa kimya, anza na fyuzi yake. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe nusu dakika, maana inaungua. Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu, gia ya pili.

Na usikubali kuuziwa betri kabla haijapimwa. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na inashuka, altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na hata betri mpya itakufa vilevile.

Ile betri ya Mikindani nilikaa nayo mwaka mzima na zaidi.