Unataka kufungua duka mji mdogo? Soma kwanza habari ya daftari la babu

Juzi usiku kijana mmoja kanitumia meseji: "Kaka nina milioni mbili, nataka kufungua duka la mahitaji kwetu wilayani, nianzie wapi?" Nikasema nimjibu mistari miwili nilale, nikashindwa. Swali lenyewe limenikuta pabaya, duka letu la Korogwe nimelifunga mwezi wa nne na bado nikipita pale naangalia upande wa pili.

Lile duka halikuanza na sisi. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mhindi, tulimjua kwa jina la Bohora tu, alikuwa jirani na stesheni, kwenye ile reli ya Mjerumani iliyoanzia Tanga 1893. Wateja wake wakubwa walikuwa manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Manamba alikuwa na kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, hujaimaliza huoni mshahara. Sasa mtu anakula nini siku zote hizo? Anakopa kwa Bohora. Unga, chumvi, mafuta ya taa, khanga ya mke, yote deni mpaka kipande kijae. Kwa hiyo mnaoniambia siri ya biashara ni "mkopo hakuna, njoo kesho" mnanichekesha, bila mkopo lile duka lisingemaliza mwezi.

Babu alianza kwa Bohora kufagia na kupima mafuta ya taa, miaka ikaenda mpaka akakaa kaunta. Mwaka 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ndugu yake Bohora ikamkuta Tanga mjini, na mwaka uliofuata ukoo mzima ukaondoka. Duka akamwachia babu alipe kidogokidogo, akampa na daftari la madeni. Shida ikaja hapo, daftari lote Kigujarati! Tarakimu babu alizijua kwa kuziona kila siku, majina hajui hata moja.

Aisee yule mzee alibeba daftari akapita nyumba kwa nyumba. Anafika, anabisha hodi, anafungua kurasa, anauliza "lako lipi hapa?" Wapo waliomcheka wakamwambia mdai kasharudi kwao. Ila wapo walioweka kidole kwenye mstari wowote tu, wasiojua kusoma kama yeye, wakasema "langu hili, shilingi kumi na mbili", na wakalipa. Toka siku hiyo babu akawa anachora. Jembe ni fulani, baiskeli ni mwalimu, kofia ni shekhe. Hilo daftari ninalo mpaka leo, linanukia mafuta ya taa.

Kwa hiyo kijana, la kwanza: andika deni, na andika kwa namna ambayo hata mwanao ataelewa.

1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe, yafunguliwe ya ujamaa. Babu akafunga, akalima mihogo, agizo lilipolegea akafungua tena. 1983 msako wa wahujumu uchumi, akafukia katoni tatu za sabuni chini ya banda la kuku, bibi alikuwa anasimulia kuku walivyokuwa wanapiga chafya, sijui kweli sijui utani. Enzi za Ruksa, za Rais Mwinyi, baba akashika duka, sina cha kusema, aliuza, tukasoma.

Mimi nikaja na akili zangu za mjini. Nikapaka rangi, nikaweka friji, nikawa wakala wa pesa za simu, na lile daftari nikaliona ushamba nikalitupia stoo. Madeni yangu yakawa kwenye meseji na kichwani. Binamu yangu kafungua hoteli, anachukua sukari, ngano, mafuta ya kupikia, "ndugu yangu tutamalizana tu". Ningeandika vipi deni la ndugu, si aibu? Simu ikaibiwa Segera stendi, meseji zote zikaenda. Nilipomfuata akaniuliza mbele ya wateja wake, "Una ushahidi?" Shilingi 1,840,000. Nilishindwa hata kukaa kwenye kiti alichonivutia.

La pili ni lilelile: andika deni. Vijana mna haraka sana, mnauliza mtaji, mnauliza friji, mnauliza jina la kuandika juu ya mlango, hakuna anayeuliza habari ya daftari. Milioni mbili inatosha kwa duka dogo tu, anza na unga, sukari, chumvi, sabuni, vocha, ila kabla ya vyote nunua kauntabuku. Na ndugu ndo wa kuandikwa ukurasa wa mwanzo, mgeni hatakuuliza ushahidi mbele za watu.

Wiki iliyopita nimelitoa daftari la babu stoo nikalipangusa. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Nimechora sufuria, pembeni nimeweka 1,840,000. Binamu, najua unasoma hapa, sufuria ni wewe.