Stika ya namba ya chesisi haipo mlangoni: ninunue au niache?

Ndugu, nimekuelewa: uko Marekani, gari la mkononi umelipenda, ila mlango wa dereva hauna stika ya namba ya chesisi (VIN, namba ya utambulisho wa gari) na stika ya boneti ina herufi R.

Hiyo R isikutishe. Ikiwa pamoja na DOT (kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na nembo ya kiwanda, ni kipuri kipya halisi kilichofungwa baadaye. Muulize muuzaji gari liligongwa wapi.

Mlango ndio wa kuangalia vizuri. Kagua kingo zake zote, hata wa upande wa bawaba. Stika hizi zimetengenezwa zikibanduliwa ziache alama, kwa hiyo mulika kwa tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) utafute gundi au vipande. Tazama na boliti za bawaba: rangi ikiwa imechubuka, mlango uliwahi kung'olewa. Ukikuta stika yenye namba ya gari lingine, huenda mlango huo ulitoka gereji ya magari chakavu, jambo la kawaida tu, dai risiti. Kumbuka pia kuna modeli zilizosamehewa stika kwa sababu zina kifaa cha kuzuia wizi tangu kiwandani. Milango mingine ikiwa nazo, utetezi huo haupo.

Namba kamili ya chesisi, kwa magari ya kuanzia 1981, ina jumla ya tarakimu na herufi 17, na haina kamwe I, O wala Q. Ukiona mojawapo, ni ya kughushi.

Namba ya dashibodi isipolingana na ya hati, usitoe hata senti ya kishika gari. Waite polisi waikague. Na stika usiikwangue, hata ikiwa mbaya: kuiondoa kwa makusudi ni kosa la jinai huko.