Maswali ya Wasomaji: Swichi ya Feni ya Kiyoyozi Inapoungua

SWALI: Gari langu ni la mwaka 1997 na swichi ya feni ya kiyoyozi ni ya kuzungusha, ina hatua nne. Hatua ya nne ilianza kwa kukatika, nikitikisa kitufe inarudi. Sasa imekufa kabisa, lakini ya kwanza hadi ya tatu zinapuliza vizuri. Nimeambiwa ninunue rezista. Ni kweli? Na kama ni swichi, naweza kuibadilisha mwenyewe?

JIBU: Usinunue rezista. Kazi yake ni kupunguza umeme kwenye hatua za chini, na hatua ya mwisho haipiti humo kabisa. Rezista ikiungua, utaona kinyume cha unachokiona: hatua za chini zinakufa, ya juu inabaki. Wewe umepoteza ya juu peke yake, tena ilikuwa inarudi kitufe kikitikiswa. Hapo tatizo liko kwenye swichi au kwenye plagi iliyo nyuma yake. Baadhi ya magari yana rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) maalumu ya hatua ya juu, lakini rilei haiponi kwa kutikisa kitufe.

Kazi hii unaiweza. Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Kama redio yako hudai namba ya siri kila betri inapofunguliwa, itafute kwanza. Kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, subiri dakika kumi kabla ya kugusa dashibodi.

Vitufe vya kuzungusha huvutwa tu kuja kwako. Kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo ukivute. Ukitumia koleo tupu utapasua plastiki. Fremu inayozunguka paneli hushikwa na klipu, na mara nyingi kuna skrubu mbili zimejificha juu, chini ya ukingo wa dashibodi. Tafuta skrubu zote kabla ya kuvuta. Plastiki ya gari la miaka mingi imekauka, na klipu iliyolazimishwa haipindi, inakatika. Tumia kipande cha plastiki ngumu kubandulia, si bisibisi.

Paneli ikishatoka, ivute taratibu. Nyuma yake huwa kuna kebo za chuma zinazoendesha milango ya hewa ya moto na baridi, na kebo hizo zikikunjwa, kirekebisha joto kitakuwa kigumu siku zote. Ikiwa hazikupi nafasi, zifungue kwenye klipu zake, ila kwanza weka alama ya mahali ganda la kila kebo lilipobanwa. Likirudi milimita chache pembeni, mlango wa hewa hautafunga hadi mwisho.

Kabla ya kutoa swichi, pima. Acha plagi yake imechomekwa, rudisha betri kwa muda, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, weka feni hatua ya nne. Gusisha ncha za mita ya umeme, ikiwa kwenye volti, kwa nyuma ya plagi: moja kwenye waya wa pamoja wa swichi (unaotumiwa na hatua zote), nyingine kwenye waya wa hatua ya nne. Ikisoma karibu volti 12, mguso wa ndani umekatika. Kwenye swichi nzima feni ikizunguka, usomaji hauzidi volti 0.3 hivi. Epuka kupima kwa taa ya majaribio iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile hukatia umeme upande wa athi (hasi), si upande wa chanya, kwa hiyo taa itawaka pale ambapo hukutarajia na utamlaumu asiyehusika.

Fungua betri tena, toa plagi, fungua skrubu za swichi. Nunua kwa kulinganisha namba iliyochapwa kwenye swichi ya zamani, idadi ya pini na mpangilio wake. Umbo pekee halitoshi, maana swichi mbili zinaweza kufanana kwa nje na kutofautiana kwa njia za ndani.

Sasa tulia uitazame plagi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Chukua tochi. Pini nzima hung'aa. Iliyopata joto ni nyeusi au ya samawati, na plastiki inayoizunguka imekuwa kahawia, pengine imevimba hadi plagi inagoma kutoka. Ukichomeka swichi mpya kwenye plagi ya namna hiyo, itaungua nayo. Hesabu yake ni hii: feni kwenye hatua ya juu inaweza kuvuta ampea 20. Mguso uliolegea ukiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, hapo pananyonywa volti 2 na kuzalishwa wati 40 za joto. Ni joto la chuma cha kulehemia, limefungiwa ndani ya plagi ya plastiki ukubwa wa kidole gumba.

Pini iliyoungua hairudi kuwa nzima kwa kusuguliwa, kwani chuma chake kimeshalegea na hakibani tena. Tafuta kipande cha plagi chenye nyaya zake, za unene uleule au zaidi. Kata waya wa zamani hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, unganisha waya mmoja baada ya mwingine ili rangi zisichanganyike, lehemu au bana kwa koleo la viungio, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe wa kawaida huachia gundi dashibodi ikipata jua.

Kabla ya kufunga skrubu zote, jaribu hatua zote nne. Iache ya nne dakika kumi, halafu gusa plagi kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa haishikiki, soma jibu linalofuata.

SWALI: Nimebadilisha swichi mara mbili, na fyuzi ya feni ya ampea 30 bado inaungua mara kwa mara. Niweke ya 40?

JIBU: Hapana. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Ukiiongeza, kitakachoungua badala yake ni waya, nyuma ya dashibodi usikouona. Mkosaji karibu kila mara ni mota ya feni. Bushi zake (zinazoshika mhimili) zikikauka inazunguka kwa shida, inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, na swichi inalipa gharama. Mota kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa abiria, imeshikwa na skrubu tatu. Itoe, izungushe kwa mkono. Iliyo nzima huendelea kidogo baada ya kuiachia. Ikisimama papo hapo, ikilia au ikicheza kwenye mhimili, ibadilishe. Ondoa na majani yaliyonasa kwenye feni.

Ukitaka kupima ampea, tumia mita ya kubana waya. Mita nyingi za kawaida mwisho wake ni ampea 10 na mota itaunguza fyuzi iliyo ndani ya mita mara moja.

SWALI: Je, swichi inaweza kusafishwa badala ya kununua mpya?

JIBU: Ikiwa imeingia uchafu tu, ndiyo. Ifungue kwa uangalifu, maana ndani kuna springi na kigololi kinachoruka. Sugua miguso kwa msasa laini kabisa, futa kwa spiriti, usipulizie mafuta ya kulainishia kutu. Ikiwa plastiki imeyeyuka au springi imelegea, usafishaji utakupa siku chache tu.