Siku za mwisho za likizo, wape marafiki

Sisi tunaoishi nje, tukirudi nyumbani likizo ya Julai na Agosti, mara nyingi tunapanga mambo kinyume. Wiki ya kwanza, uchovu wa ndege haujatoka mwilini, familia iko Zanzibar au mbugani inapiga picha. Halafu zinaanza shughuli zenyewe: kuhani misiba iliyotokea hatupo, kuwatambulisha watoto kwa wazee, kikao cha harusi ya binamu, fundi wa Kibamba anayesubiri hela ya bati. Siku za mwisho zinaishia Kariakoo kwenye vitenge na mabegi ya kubebea. Marafiki wanaambulia dakika kumi nje ya uwanja wa ndege, mzigo uko kwenye toroli na mtoto analia usingizi.

Kwetu tumeugeuza mpangilio. Misiba, wazee na fundi vinatangulia, matembezi yanakuja mwisho. Na hatwendi peke yetu, tunakwenda na familia ya rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani, ambao makazi yao ni Moshi. Wao wanateremka, sisi tunatoka Dar, tunakutana mkoa wa Tanga. Siku chache Pangani, siku chache Lushoto, basi. Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu kwa nini tusiende Ngorongoro, maana watoto wanaozaliwa Uingereza wanapaswa kuona simba. Wanapaswa, ndiyo, lakini si siku hizo. Kiingilio cha mbuga kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo kila mtu anaamshwa alfajiri ili hela isipotee, na mchana kutwa mnaangalia dirishani badala ya kuangaliana. Simba wawekeeni mwanzo wa likizo.

Ili mpango huu ufanye kazi, kuaga kwa ndugu lazima kumalizike kabla hamjaondoka Dar. Nenda kwa wazee, kaa, kula, pokea dua, toa ulichonacho, na useme wazi kwamba ukitoka hapo unakwenda Tanga, ukirudi ni kupanda ndege. Najua kuna wanaotaja tarehe ya uongo, wanaaga siku tatu kabla ili simu zikome. Mimi sishauri. Nchi hii kubwa kwenye ramani tu. Utakuwa Mombo unakula mishkaki, na mtoto wa shangazi atashuka kwenye basi la Arusha akukute. Ni afadhali kusema ukweli, kisha simu ya laini ya hapa ikabidhiwe mtu mmoja. Kwetu anaishika mume wangu. Ndugu wa upande wangu wanamwogopa kidogo shemeji yao, kwa hiyo maombi yanayopita ni yale ya dharura kweli.

Sasa hela, maana hapa ndipo urafiki mwingi wa zamani unapochubuka. Mtu anayetoka nje anadhaniwa ana hazina. Naye, kwa haya au kwa kujionyesha, anaanza kulipa kila kitu: mafuta, vyumba, soda za watoto. Siku ya pili mwenzake amenyamaza. Baba wa familia ile ni mwalimu, mtu mwenye heshima zake, hapendi kukaa mezani akisubiri mwingine atoe pochi mbele ya watoto wake. Tunachofanya ni kuzungumza mapema, sisi wanawake wawili, kwa simu, kabla ya kukata tiketi. Tunakadiria gharama za pamoja, kila nyumba inasema inaweza kiasi gani bila kuulizwa sababu, na fedha yote inawekwa kwenye mfuko mmoja unaoshikwa na rafiki yangu. Yeye ndiye analipa kila mahali. Ndiye anajua bei, na ndiye muuzaji hatampandishia bei kama anavyofanya akisikia lafudhi ya watoto wangu. Anayetoa zaidi hajulikani mezani. Wao wanakuja pia na mchele, ndizi za kupika na gari lao, na vitu hivyo navihesabu kama mchango kamili, kwa sababu ndivyo vilivyo.

Zawadi nazo zitolewe siku ya kwanza. Ukitoa simu au viatu siku ya kuagana, vinakaa kama malipo.

Pangani inafaa kwa kuanzia kwa sababu hakuna cha kukimbilia. Ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, kilomita kama 50 kusini mwa Tanga mjini, minazi na mkonge pande zote. Asubuhi ni maandazi na chai, mchana ni samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, na katikati ni kukaa. Yule mwalimu huwapeleka watoto kwenye Boma lililojengwa mwaka 1810, kisha anawasimulia habari za Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Wangu, ambao shuleni kwao wamesoma wafalme wa Kiingereza mpaka basi, walikaa kimya wakisikiliza kisha wakauliza maswali mpaka usiku. Ukiwa na rafiki mwenye kipaji cha namna hiyo, mpe nafasi, usilete mwongoza watalii.

Kama mtataka bahari zaidi, vukeni mto kwa kivuko hadi Bweni, mwende Ushongo. Kutoka huko kuna boti za kwenda Maziwe. Maziwe ni fungu la mchanga. Zamani lilikuwa na mivinje, leo halina mti hata mmoja, na maji yakijaa linafunikwa. Kwa hiyo anayepanga saa ya kwenda si wewe wala mwenye hoteli, ni mwezi. Muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, na kama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, au za maji mafu, yanaposogea kidogo, ndipo mpange chakula. Agosti upepo wa kusi bado una nguvu, bahari huchafuka kadiri jua linavyopanda, hivyo watoto wadogo na watu wa kutapika wapelekwe siku ambayo kupwa kunaangukia asubuhi. Isipoangukia, acheni. Nimeona familia zikilazimisha kwa kuwa "tunaondoka keshokutwa", zikarudi zimelowa na kununa. Bebeni maji, kofia na turubai la kivuli, kwa sababu kule kivuli ni kile mlichokwenda nacho.

Kutoka Pangani kwenda Lushoto ni safari ya karibu siku nzima mkienda kwa nafasi: Tanga, Muheza mnunue machungwa, Segera, Korogwe, kisha Mombo ndipo mnaacha lami kuu na kuanza kupanda. Kilomita 33 hivi za kona mpaka Lushoto mjini, mkipita Soni kwenye maporomoko. Wenye kichefuchefu wakae mbele. Siku ya kushuka, dereva ashuke na gia ndogo, asikanyage breki njia nzima.

Lushoto iko mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai na Agosti ni baridi na ukungu. Nasisitiza sweta, soksi na blanketi la ziada. Watoto wangu, wanaokwenda shule kwenye theluji, walitetemeka Lushoto kuliko wanavyotetemeka kwao, maana nyumba za kule hazina mashine ya joto, na wenyeji hawana joto lolote la kukupa zaidi ya jiko la mkaa na chai ya tangawizi. Lakini baridi hiyo ndiyo inayowakusanya watu sebuleni mapema. Mazungumzo ambayo kwenye joto la Dar hayafiki popote, kule yanafika. Rafiki yangu aliniambia kule kuhusu ugonjwa wa mama yake, jambo ambalo kwenye simu alikuwa akilizungushazungusha mwaka mzima.

Mchana tembeeni mpaka Irente. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka mjini, kupitia mashamba ya karoti na kabichi, mnafika kwenye jabali ambalo chini yake Mombo na mbuga ya Wamasai zimetandazwa zote. Njiani kuna shamba la Irente wanaouza jibini, mkate wa kahawia na jamu. Nunueni mle pale pale. Narudia, pale pale, maana jibini hilo huwezi kulipeleka Uingereza. Forodha yao hairuhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa na vitu vyake kutoka kwetu, na vitaishia kwenye pipa. Viungo vikavu na majani ya chai, havina taabu.

Watoto wana namna yao ya kuagana nayo ni mbaya. Siku nzima ya mwisho watagombana. Waliocheza kombolela wiki nzima bila tatizo ghafla wanagombea kiti, huyu kamsukuma yule, mpira wa rede umekuwa wa nani. Nimeacha kuamulia. Naona ni rahisi zaidi kwao kuachana na mtu waliyemkasirikia. Tunachofanya ni kuwaambia tarehe na saa mapema, hata wa miaka sita anaelewa, na kuwapa kazi ya pamoja jioni ile, kwa mfano kumenya viazi au kuokota kuni. Wasilazimishwe kukumbatiana kwa ajili ya picha. Wakubwa wapeane namba za kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, si kupitia kwa mama.

Nasi wakubwa tunaagana Mombo. Mkishuka kutoka milimani, barabara ya kulia inakwenda Same na Moshi, ya kushoto inakwenda Korogwe na Dar, kwa hiyo hakuna anayemwacha mwenzake; kila mmoja ana safari yake na chakula cha njiani. Mchana, mahali pa kelele, wauza karanga wamewazunguka, hamna nafasi ya kulia sana. Uwanja wa ndege ni mahali pabaya pa kuagana na mtu unayempenda: mmoja anaingia ndani kwenye shughuli zake, mwingine anabaki na mlango uliofungwa, halafu arudi kwake peke yake kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Rafiki yangu alipinga mwanzoni, akasema kumsindikiza mgeni mpaka mlango wa mwisho ni wajibu. Nikamwambia Mombo tunasindikizana sote. Akakubali, kwa sharti kwamba nitume ujumbe nikifika Chalinze, nikifika Dar, nikipanda na nikishuka. Natuma.

Msipange kushuka mlima na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Mombo mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300, lakini vijiji ni vingi, kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wamekaa chini ya miti. Halafu kuna malori ya Chalinze na foleni ya kuanzia Kibaha. Lala Dar angalau usiku mmoja, fua nguo za mchanga, pima mabegi kwa mizani ya mkono, na wa kukupeleka uwanjani awe mmoja tu, mwenye gari na asiye na machozi ya karibu. Kwetu ni mdogo wa mume wangu. Ni mtu wa mwendo sana, kwa hiyo mtoto anayekaa mbele tunampa kazi ya kumsomea vibao kwa sauti.