int ya Uno siyo int ya ESP32: jinsi pampu ilivyonimalizia tanki la maji

Wakuu, hii naiandika kwa wale mnaochezea bodi ndogondogo za kuprogramu (kama Arduino Uno na ESP32) na lugha ya C, hasa nyie mnaochukua kodi kutoka bodi moja mnaipeleka nyingine mkijua ni kodi ileile basi itafanya kazi ileile. Mimi nilikuwa huko, yakanikuta.

Baba mdogo analima nyanya kule Ilula, aliniomba nimtengenezee kitu cha kumwagilia chenyewe, pampu iwake dakika moja izime isubiri, iwake tena. Nikaandika nyumbani kwenye ESP32, nikaijaribu wiki nzima kwa taa tu badala ya pampu, safi kabisa. Siku ya kwenda shamba nikaona relei niliyonayo (swichi ya umeme ya kuwashia pampu) inataka volti 5 na ESP32 inatoa 3.3, na kwenye droo kuna Arduino Uno, ile ya zamani ya biti 8, imelala tangu chuo, nikasema si hii hapa, nikaipandisha kodi bila kubadilisha hata herufi, nikafunga, nikaona pampu imewaka, nikaaga. Sikusubiri izime. Hilo kosa ni langu.

Usiku simu. "Mwanangu, hii mashine yako kuwaka inajua, kuzima haijui?" Tanki la lita 1,000 limekauka na pampu inanguruma tupu. Nikamwambia shikamoo baba, chomoa waya, nakuja kesho.

Kesho yake nikailaumu relei, mafundi ndivyo tulivyo, kitu cha kwanza kulaumu ni kile cha bei rahisi. Nikabadilisha, tatizo palepale. Halafu nikiweka sekunde 30 inazima vizuri! Nikapandisha 31, inazima, 32, inazima, 33... haizimi ng'o. Nilikaa kwenye ndoo pale shambani naiangalia hiyo 33 kama imenitukana.

Mstari wenyewe ulikuwa huu, maana yake subiri sekunde 60 mara milisekunde 1000, yaani dakika moja:

delay(60 * 1000);

int ni aina ya kawaida ya namba nzima kwenye C. Kwenye ESP32 int ina baiti 4 (baiti moja ni biti 8), yaani inabeba mpaka bilioni 2 na kidogo, kwa hiyo 60,000 ni kitu kidogo sana. Kwenye Uno int ina baiti 2, mwisho wake ni 32,767. Sasa 32 mara 1000 ni 32,000, inaenea. 33,000 haienei, inazunguka inaingia upande wa hasi. 60,000 inageuka kuwa -5536, na delay haijui hasi, yenyewe inapokea unsigned long, namba kubwa isiyo na hasi, kwa hiyo ile hasi inasomwa kama 4,294,961,760. Hizo ni milisekunde. Piga hesabu, ni karibu siku 50! Pampu haikuwa mbovu bana, ilikuwa inatii amri ya kukaa imewaka zaidi ya mwezi mmoja na nusu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) huwa inaliona hili na ina onyo lake kabisa, ila kwenye mipangilio ya Arduino maonyo yamezimwa toka mwanzo mpaka uende uyawashe mwenyewe. Nenda uwashe leo, usisubiri tanki.

Na dawa yake watu wengi wanaikosea. Wanaandika uint32_t muda = 60 * 1000; (uint32_t ni namba ya biti 32 isiyo na hasi) wanaona wamemaliza. Bado! Upande wa kulia unapigwa hesabu kwanza, kwa int, unaharibika, ndiyo unaingizwa kwenye kigeu kikubwa ukiwa umeshaoza. Inabidi moja ya namba zenyewe iwe kubwa tangu mwanzo: 60UL * 1000. Herufi mbili tu, UL.

Mtu atauliza kwani hao waliotunga C hawakuona? Waliona, waliacha makusudi. Lugha imekulia kwenye kompyuta ya PDP-11 miaka ya 70, mashine ya biti 16, na mpaka leo kanuni inasema tu int isipungue biti 16, na kaka zake wakubwa, long isipungue 32, long long isipungue 64. Juu ya hapo kila mtengenezaji anachagua kinachofaa mashine yake. Watu wa Java wanatucheka kwa sababu kwao int ni biti 32 popote pale, wacha wacheke, ila na wao wajaribu kuingiza programu yao kwenye Uno yenye RAM ya kilobaiti 2.

Baada ya hapo nikawa mjanja, nikaacha int na long, kila kitu naandika int16_t, uint32_t na wenzake, vile vya stdint.h ambavyo vimetaja biti zake kwenye jina na vipo tangu C99, toleo la C la mwaka 1999. Nikadhani nimemaliza. Msimu uliofuata nikataka Uno isome unyevu wa udongo itume kwa waya kwenda ESP32, nikatengeneza struct (furushi la namba kadhaa pamoja) yenye uint8_t ya namba ya kifaa, int16_t ya unyevu na uint32_t ya muda. Baiti 1 na 2 na 4, saba. Uno inatuma 7, ESP32 inasubiri 8! Aina zote nimezitaja kwa biti zake na bado hawaelewani. Kumbe ESP32 inataka namba ya baiti 2 ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 2, kwa hiyo kompaila inachomeka baiti moja tupu baada ya ile ya kwanza. Uno prosesa yake ni ya biti 8, haina habari na mambo hayo, inapanga kama dagaa kwenye kopo. Siku hizi data ya kutoka mashine moja kwenda nyingine naiandika baiti moja moja kwa mkono, situmi struct nzima nzima. Na wakati wa kuziunganisha tena upande wa kupokea, tuseme baiti zimo kwenye b, usiandike b[3] << 24 (yaani isukume biti 24 kushoto) kwenye Uno, hiyo b[3] inageuka int ya biti 16 kabla ya kusukumwa na huwezi kusukuma 24 ndani ya 16, igeuze kwanza kuwa uint32_t.

Msidhani ni bodi ndogo tu. Laptopu mbili za biti 64, prosesa zinafanana, yangu Linux ya jamaa yangu Windows. Nimemtumia faili la vipimo nililoandika kwa long, ananipigia anasema sensa yako mbovu, kipimo kimoja kinakuja kinachofuata sifuri, kipimo, sifuri, mpaka mwisho. Sensa nzima kabisa. long ya Linux ni baiti 8, ya Windows imebaki 4 ili kodi za zamani zisife, kwa hiyo kila namba yangu yeye alikuwa anaisoma kama mbili.

Halafu kuna char, aina ya kuwekea herufi au namba ndogo, hii ndiyo nyoka wa majani kabisa kwa sababu ukubwa wake haubadiliki, baiti 1 kila mahali, kinachobadilika ni kama inakubali hasi. Kwenye kompyuta za kawaida za Intel inakubali, kwenye Raspberry Pi yenye Linux haikubali. Kuna mtu niliyemsaidia friza yake ya samaki ikasomeka nyuzi 238, watu wakajiuliza samaki wamechomwa au wamegandishwa. Ilikuwa -18 imewekwa kwenye char. Tukaandika int8_t yakaisha.

Sasa nikishika bodi yoyote ngeni, kabla ya kitu kingine napandisha programu ya mistari michache inayochapisha sizeof (ukubwa kwa baiti) ya int, long, double ambayo ni ya namba za desimali, na pointa inayoshika anwani. Double ya Uno nayo iangalieni, ni baiti 4, ni float (desimali ndogo) ileile na jina la heshima, ukiitumia kujumlisha pesa ukifika 16,777,216 ukiongeza shilingi moja inabaki palepale.

Pampu ya Ilula inazima. Baba mdogo amefunga floti (swichi inayoelea juu ya maji) kwenye tanki na swichi ya mkono karibu na mlango, anasema ya kwangu anaiamini ila na hiyo aiache.